Jinsi Kipande cha Mkonge Kilivyonipa Mwendo wa Riwaya

Riwaya yangu ya pili inamhusu kijana kutoka Songea aliyekwenda kukata mkonge katika mashamba ya Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1950, na kwa muda mrefu ilikataa kusonga mbele. Wahusika nilikuwa nao, mwisho nilikuwa nimeshaujua, na madaftari yangu yalikuwa yamejaa habari. Kilichokosekana ni mwendo. Kila sura ilianza asubuhi na kuisha usiku, lakini msomaji hakuwa na sababu ya kungoja kesho yake, kwa kuwa kesho hiyo haikumdai mtu yeyote kitu.

Habari zenyewe zilikuwa nyingi, na nyingine zilinivutia mno. Nilikuwa na sura nzima kuhusu Dkt. Richard Hindorf, Mjerumani aliyeagiza miche ya mkonge kutoka Florida mwaka 1893, ambayo 62 tu ndiyo iliyofika ikiwa hai, na kutokana na hiyo yakaenea mashamba ya Muheza, Korogwe na Pangani hadi Tanganyika ikawa ya kwanza duniani kwa zao hilo. Nilikuwa pia na kurasa kuhusu SILABU, ofisi iliyoundwa na wenye mashamba mwaka 1944 ili kuandikisha vibarua kutoka mikoa ya mbali na hata nje ya nchi. Niliipenda sana sura ya Hindorf, lakini niliiondoa yote, kwa sababu kijana wangu wa Songea asingeweza kuyajua mambo hayo, na nilikuwa nimeamua kwamba msomaji atajua kile tu ambacho kijana anaweza kukiona, kukisikia au kusimuliwa na wenzake kambini.

Kilichoifungua riwaya ni mazungumzo na mzee mmoja wa Muheza aliyekata mkonge tangu ujana wake. Nilimwamkia, nikakaa, nikamuuliza swali nililokuwa nimelitayarisha: siku ya kazi ilikuwaje? Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, “Mwanangu, sisi hatukuhesabu Jumatatu wala Jumanne. Tulihesabu kipande. Kimejaa au hakijajaa, basi.”

Kipande kilikuwa kadi yenye nafasi za siku thelathini. Mkataji alipewa ngwe yake, na akiimaliza siku yake iliandikwa. Akiugua au akishindwa kumaliza, nafasi ilibaki wazi. Mshahara wa kipande ulilipwa kadi ikijaa, kwa hiyo mwezi wa mkataji haukuwa mwezi wa kalenda. Uliweza kurefuka kwa homa, kwa mvua, au kwa nyapara asiyeridhika na matita.

Nilipolielewa jambo hilo, niliona mara moja riwaya ilipokuwa imekwama. Kijana wangu anamwahidi mkewe kwamba atarudi na fedha vipande kadhaa vikijaa. Mke, kule Songea, anahesabu miezi kwa mwandamo. Mume, huku Tanga, anahesabu nafasi zilizoandikwa. Hesabu hizo mbili zinaanza pamoja na kuachana kidogo kidogo, na hakuna barua inayoweza kueleza vizuri kwa nini mwezi wa mume haujaisha ilhali ule wa mke umeisha zamani. Sikuhitaji tena kubuni ugomvi wala msaliti. Nilizivunja sura zote nikazipanga upya, kila sura ikawa kipande kimoja, na urefu wa sura ukategemea kadi ilichukua muda gani kujaa. Sura ambayo kijana anaugua malaria ndiyo ndefu kuliko zote, na nilipigania ibaki hivyo hata mhariri aliposhauri ipunguzwe.

Mzee yule alinipa na jambo la pili bila kukusudia. Uani kwake palikuwa na mkonge uliojiotea, akachukua kisu anionyeshe. Alilikata jani la chini karibu kabisa na shina, akaukata mwiba wa nchani kwa pigo moja, akaliweka kando na kuhamia jani jingine, huku akinisimulia habari za korona, mashine ya kutoa nyuzi kwenye majani, na harufu ya maji yake. Lakini kati ya maneno alikuwa akihesabu kwa sauti ya chini. Tita lilikuwa na majani thelathini, na baada ya miaka yote hiyo mkono wake haukuweza kukata bila kinywa kuhesabu. Alikatiza sentensi kwenye “kumi na nne”, akakata, kisha akaiendeleza pale pale alipoiachia.

Hapo nikapata namna ya kuandika mazungumzo ya shambani. Wakataji wangu wanaulizana habari za nyumbani, za deni, za chama cha wafanyakazi, na hesabu inaingia katikati ya maneno yao. Mtu akiulizwa swali gumu, anamalizia tita kwanza. Ukimya unaotokea hapo unabeba mambo mengi ambayo awali nilikuwa nikiyaeleza kwa aya nzima.

Rasimu zote nilimsomea dada yangu jioni, kwa sauti, kwa kuwa sikio lake halivumilii mhusika anayehutubia. Alipouliza, “Kwani huyu amekula saa ngapi?” nilijua nimemsahau mtu shambani tangu alfajiri. Maswali ya namna hiyo yalinifaa kuliko sifa, na mengi nimeyajibu ndani ya kitabu.

Sasa nimeanza riwaya nyingine, ya wavuvi wa Pangani. Huko watu wanapanga kazi, safari na hata harusi kwa kufuata bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, na nahodha mmoja amekubali kunifundisha hesabu hiyo. Sura ya kwanza nitaiandika nitakapoweza kumwambia, bila kuuliza, kesho maji yanajaa saa ngapi.