Tulivyomsimamia binti kiziwi mpaka kesi ikafika mahakamani

Mimi sio mwanasheria wala nini, nauza maandazi tu hapa Morogoro, ila kwenye kikoba chetu kuna mama mmoja ni msaidizi wa kisheria, wale wanaotambuliwa na ile sheria ya 2017, na huduma yao ni bure. Sasa mwaka jana saa 12 asubuhi jirani yangu kaja analia, binti yake kabakwa. Binti ana miaka 22, ni kiziwi.

Nikakuta maji ya kumwogesha yako tayari kwenye ndoo jamani! Nikamwambia acha kwanza hayo maji, nguo alizokuwa nazo nikazifunga kwenye gazeti, sio nailoni maana zinapata unyevu zinaharibika, tukapanda bajaji mpaka dawati la jinsia polisi, tukachukua PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, huyoo hospitali. Yule mwenzetu msaidizi wa kisheria kwenye simu alikuwa anarudia kitu kimoja tu, masaa 72, masaa 72, yaani dawa za kuzuia VVU lazima zianze kabla ya hapo.

Shida ikaja kwenye maelezo. Askari kasema mama atafsiri. Binti anaonesha weee, mama anasema "hakumjua mtu". Ila mi nilikuwa naangalia mikono, kila mara anashika kifundo cha mkono wa kushoto anakizungusha, na mama hiyo sehemu anairuka. Nikasema afande, naomba tusubiri mkalimani. Kanuna lakini kakubali. Tukampata mwalimu anayefundisha viziwi tukamchangia nauli, kumbe na yeye ile ya mkono haijui, binti hakusoma sana, alama nyingi wametunga wenyewe nyumbani.

Nikamtoa mama nje. Sikumgombeza, nikamuuliza tu jirani, ule mkono ni nani? Akakaa kwenye ngazi. Akasema ni shemeji yake yeye mama, mvaa bangili ya shaba, na ndo anayewalipia kodi ya nyumba.

Haijakaa sawa ukoo nao ukaja na laki tano eti tuyamalize kifamilia, kosa ambalo kifungo chake hakipungui miaka 30! Hawa walinichosha kuliko polisi aisee. Tukaona kubishana nao haina maana, kinachomfunga mama mdomo ni nyumba, kwahiyo kikoba kikatoa kodi ya miezi mitatu kwenye mfuko wa jamii. Kesho yake mama karudi polisi kaandika maelezo upya, na bangili kaitaja.

Kesi bado inaendelea. Imeahirishwa mara tatu, mbili kati ya hizo mkalimani hakuwepo, kwahiyo siku hizi wiki moja kabla naenda kumuuliza karani kama ameitwa. Binti naye kajiunga kikoba, kila Jumamosi hisa mbili. Mi ananiita kwa kupuliza vidole, kama mtu aliyeshika andazi la moto.