Ua wa nyuma, Shangani Mtwara: kuhamisha miti ya maua iliyozeeka kwenye mchanga

Oktoba, hali ya eneo

Eneo ni mita 12 kwa 18. Juu kuna mchanga mweupe, na mwamba wa matumbawe unakutwa baada ya sentimita 60 hivi, pengine mita moja. Nyumba ilikaa bila mtu kwa misimu kadhaa. Mkomamanga umefunikwa na upupu, mwasumini umelala chini na matawi yake yameota mizizi yenyewe, bogonvilia mbili zimekalia kifuniko cha chemba, na mhina wa upande wa magharibi umefikia kimo cha ukuta. Miche ya mwarobaini iko kila kona. Kuna pia mndimu wa zamani ulio hai na kisiki cha mnazi kinachooza.

Kabla jembe halijagusa ardhi, kila mmea umepangiwa lake. Mndimu haukuguswa: mchungwa au mndimu mkubwa ukishang'olewa kwenye mchanga hupona kwa nadra, hata mvua iwe nyingi. Mhina hauna haja ya kuhama, unakatwa hadi sentimita 30 na unachipua upya. Bogonvilia moja yenye shina nene kama paja itakatwa kabisa na kuachia vipandikizi, kwa kuwa mizizi yake ni michache, mirefu na inavunjika ovyo. Zinazohama ni tatu: mkomamanga, mwasumini, na bogonvilia ndogo.

Upupu unaondolewa kwanza. Mwezi huu maganda yamekauka na upepo unatosha kuvipeleka vinyweleo hadi chumbani. Kazi hiyo ni ya alfajiri umande ukiwapo, au maganda yamwagiwe maji kwanza. Yanakatwa yakiwa yameloa, yanaingia kwenye kiroba palepale, kiroba kinafungwa mdomo. Usiyaburute uani. Ukiwashwa, kujikuna kunavizamisha zaidi; wengi hapa hupaka tope au majivu, wakaacha yakauke, ndipo wakaosha. Nguo za kazi hiyo zifuliwe peke yake.

Kwenye mndimu kuna viota vya sisimizi waitwao maji moto, majani yaliyoshonwa pamoja kama kifuko. Wanauma vibaya, lakini wameachwa kwa makusudi, kwani ndio wanaowinda mbu wa mikorosho (mdudu anayefyonza machipukizi yake) na wadudu wanaoharibu nazi changa, na jirani ana mikorosho miwili ukutani. Limekatwa tawi moja tu lililokuwa linagusa njia.

Kisiki cha mnazi kimepasuliwa kwa shoka, kimeanikwa na kuchomwa. Ndani mlikuwa na funza weupe waliojikunja, kichwa cha kahawia: hao ni watoto wa chonga, mbawakawa wa minazi. Kisiki kinachooza ndipo chonga anapozaliana, kisha anapanda minazi mizima na kutoboa kilele. Kuku waliwamaliza kabla moto haujashika.

Kati ya Oktoba na Novemba, kukata mizizi

Kwenye udongo mzito unaweza kuchimba na kuhamisha siku hiyohiyo. Mchanga wa pwani haushikani. Ukiinua mmea unabaki na mizizi mitupu mkononi, na vinywelea vinavyonyonya maji vimebaki shimoni. Kwa hiyo bonge la udongo linatengenezwa wiki nyingi kabla, mmea ukiwa bado mahali pake.

Kipimo: kwa kila sentimita 1 ya unene wa shina, bonge liwe na upana wa sentimita 10 hadi 12. Mkomamanga una mashina mengi, hivyo umepunguzwa kwanza ukabaki na manne, machipukizi yote ya chini yakaondolewa, na bonge likapangwa upana wa sentimita 60, kina 40. Mtaro wa upana wa chepe moja unachimbwa nusu duara tu. Nusu ya pili inangoja wiki nne, mmea usikose maji pande zote kwa mkupuo. Chepe linolewe kwa tupa kila baada ya muda mfupi, maana mchanga na vipande vya matumbawe vinalifanya butu haraka, na chepe butu linachana mzizi badala ya kuukata. Mizizi minene kuliko kidole gumba ikatwe kwa msumeno.

Mtaro unajazwa mchanganyiko wa mboji sehemu moja na mchanga sehemu tatu, kisha unamwagiliwa ndoo moja ya lita 20 kila baada ya siku mbili. Mizizi midogo mipya inaota ndani ya mchanganyiko huo, na hiyo ndiyo itakayolishika bonge. Samadi iwe imeoza miezi mitatu au zaidi. Ile mbichi inaunguza mizizi na kuita mchwa.

Angalia maji unayotumia. Kisima cha hapa kina chumvi kidogo. Bogonvilia inavumilia, mwasumini unaungua ncha za majani. Kumwagia kidogo kidogo kila jioni kunaacha chumvi juu. Afadhali maji mengi kwa nafasi, chumvi isukumwe chini.

Desemba, kuhamisha

Mvua ya kwanza haitoshi. Chimba kishimo cha sentimita 30 pembeni, chukua mchanga wa chini na uukamate kwenye ngumi: ukiachia ukabaki na umbo la mkono, ardhi imeloa vya kutosha. Kama unamwagika, ngoja.

Siku moja kabla, bonge lilimwagiliwa ndoo tatu. Matawi ya mkomamanga yalipunguzwa kwa theluthi, ya bogonvilia kwa nusu. Mashimo mapya yalichimbwa mapema: upana mara mbili ya bonge, kina kilekile au pungufu kidogo, kwani bonge likishuka baadaye shina linazama na gome linaoza. Umbali kutoka karo la choo ni mita tatu na zaidi.

Kunyanyua ni jioni, jua limeshapoa. Chepe linapita chini ya bonge kwa mshazari, gunia lililoloa linapenyezwa upande mmoja, bonge linalazwa taratibu, gunia linavutwa upande wa pili na kufungwa kwa kamba ya katani. Bonge la ukubwa huo, lililoloa, linazidi kilo 100. Watu wanne na turubai la kuburutia wanatosha. Mtu asishike shina kama mpini, hapo ndipo mabonge mengi yanapovunjika.

Gunia la katani linaachwa shimoni baada ya kulegezwa juu, litaoza. Kiroba cha plastiki lazima kitoke. Mchanga unarudishwa nusu, yanamwagwa maji mpaka mapovu yaishe, ndipo unajazwa uliobaki. Kukanyaga kwa miguu hakuondoi mapengo ya hewa, maji yanayaondoa. Kingo za sentimita 10 zinazunguka shina, na matandazo ya makumbi ya nazi yanawekwa umbali wa kiganja kutoka gome, ili mchwa wasilifikie. Maganda mabichi ya korosho yasitumike, mafuta yake yanaunguza.

Mwasumini ulikuwa rahisi. Matawi yaliyojishika chini yalikatwa kutoka kwa mama na kuinuliwa na kibonge cha sentimita 25 kila moja. Vipandikizi vya bogonvilia, unene wa penseli na urefu wa sentimita 20, vimo kwenye viriba chini ya kivuli cha makuti. Vinavyokufa vingi huoza kwa maji kupita kiasi.

Februari

Mwishoni mwa Januari mvua hukata kwa wiki moja au mbili huku kusini, na ndipo miti iliyohamishwa vizuri hufa kwa kusahauliwa. Kila mti ulipata ndoo mbili kila baada ya siku mbili. Bogonvilia ilipukutisha majani yote. Hilo ni la kawaida. Kwangua gome kwa ukucha, kama chini ni kijani mti uko hai. Machipukizi yalianza kutoka baada ya mwezi hivi.

Mwasumini una majani ya njano yenye mishipa ya kijani. Ni upungufu wa chuma: ardhi ya matumbawe na mabaki ya chokaa ya ujenzi vinaizuia mizizi kuchukua madini hayo. Majivu yataongeza tatizo. Umewekewa mboji na mabaki ya saruji yameokotwa.

Kusi ikianza Aprili itatikisa mashina na kukata mizizi mipya, kwa hiyo kila mti una nguzo mbili na vipande vya mpira wa tairi ya baiskeli, vilivyofungwa kwa kulegea. Nguzo zitabaki mpaka Oktoba, na tangu Juni maji ni mara moja kwa wiki, ndoo tatu. Ndago bado zinachomoza kwenye njia. Zinang'olewa kila wiki mbili kabla hazijafika majani sita, kwani zikipita hapo zinaanza kutengeneza viazi vipya chini.