Dawa inayoongea

Tangu Jumatatu kuna sentensi moja ninatembea nayo kama pini iliyosahauliwa kwenye pindo. Nikisimama imetulia, nikikaa inanichoma, nikidhani imeshadondoka inanichoma tena. Leo Jumamosi, usiku, wote wamelala, ngoja niitoe.

Jumatatu ilikuwa siku ya kliniki, ile ya lithiamu, dawa inayozuia akili yangu isipande kupita kiasi. Yule mzee wetu, daktari ambaye nimewachosha kwa kumsifia, alistaafu mwezi Machi. Aliyepo sasa ni kijana, makamo ya mtoto wa dada yangu, shati limepigwa pasi mpaka mstari wa mkono unaonekana kwa mbali. Nilianza na shati, uso baadaye. Ndiyo kazi yangu.

Nilikuwa nimejiandaa. Jumapili usiku nilijisomea mbele ya kioo kama mshenga anayekwenda kuposa. Nikamwambia:

“Daktari, tangu 2019 sijaumwa tena. Nalala saa nne, naamka saa kumi na moja, nafanya kazi, deni la vikoba nimelimaliza. Naomba tuanze kuiacha hii lithiamu. Pole pole, wewe ukiniangalia.”

Akafunua faili, kurasa mbili za juu. “Kipimo cha dawa kwenye damu ni 0.9, ndani ya kiwango. Figo nzuri, tezi ya shingo nzuri. Sasa mama, kitu kinafanya kazi, tukiache kwa nini?”

“Mimi ni fundi, na kwa dawa hii mikono inatetemeka.”

Nikainyoosha mikono juu ya meza yake. Yeye alikuwa anaandika. Akasema bila kuinua kichwa, kwa upole kabisa, na huo upole ndio ulionimaliza:

“Mama, unajieleza vizuri sana. Lakini hiyo ni dawa inayoongea.”

Miezi mitatu mingine, vidonge vilevile, idadi ileile. Nikasema asante. Nikamshukuru! Ndani ya bajaji ndipo nilipoanza kusikia nilichoambiwa.

Dawa inayoongea. Kwa hiyo nikiongea vizuri ni dawa, nikipandisha sauti ni ugonjwa. Mimi mwenyewe zamu yangu lini?

Jumanne nikiwa fremuni, natia shanga kwenye gauni la bibi harusi wa Barabara ya 14, jibu likaja. Limechelewa siku nzima, lakini limekuja limevaa: “Basi msikilize, daktari, maana ni dawa yenyewe inayoomba kuachishwa kazi!” Nikacheka peke yangu kwa sauti. Mteja aliyekuwa anachagua lesi akageuka. Nikanyamaza upesi, nikajifanya nakohoa. Mwenye faili kama langu hachekicheki peke yake mbele za watu.

Msinielewe vibaya. Sina ugomvi na dawa. Wa siku nyingi hapa mnaukumbuka mwaka wa majora: majora 11 kwa mkopo, usiku nne macho makavu, na gauni nililomshonea mke wa mwenyekiti wa mtaa bila kuagizwa wala kumpima. Lithiamu ndiyo iliyonishusha, hilo silipingi hata mbele ya kadhi. Ninachopinga ni kutotazamwa mikono.

Mzee alikuwa akiitazama. Kila kliniki alinipa kalamu na karatasi, “Nichoree konokono,” nami nazungusha mstari kutoka katikati kwenda nje, akiangalia unavyotikisika. Konokono wangu wote wamo ndani ya faili lile, mmoja nyuma ya mwingine. Kila Ramadhani ilipokaribia alikuwa ananiita kabla ya mwezi kuandama, tunapanga saa za vidonge, ananiapisha kwamba kati ya futari na daku nitakunywa maji ya kutosha, maana dawa hii ni jamii ya chumvi, na mwili ukikauka inajaa kwenye damu mpaka inakuwa sumu. Watu husema Tanga waja leo waondoka leo. Yeye alikaa, na nilimzoea vibaya.

Basi wiki ikaenda hivyo. Mke wa mdogo wangu kajifungua Jumatano, mtoto wa kike, wote salama, nimekuwa shangazi tena. Alhamisi umeme ulikatika kutwa. Na mimi muda wote huo nabishana na kijana ambaye hayupo.

Alhamisi hiyo usiku, kwenye mwanga wa tochi ya simu, nikamsimulia kitindamimba wangu, yule wa kidato cha pili. Nilimsimulia kama kichekesho, nikimwigiza daktari na kalamu yake, nikafika pale pa dawa kuachishwa kazi. Hakucheka. Alikuwa anatunga uzi. Kila jioni hunitungia sindano 20, nyeupe, nyeusi na rangi za kazi ya kesho, anazichomeka kwenye kipande cha sponji ili nikizikuta asubuhi niwe nashona tu.

“Unataka kuacha kama ile mara?”

“Mara ipi?”

“Ile ya siku tisa. Nilikuwa darasa la tano.”

Siku zile tisa sikumwambia mtu. Si baba yake, si mzee, wala hapa kwenu sikuandika, na hapa huwa naandika hadi bei ya zipu. Niliacha ghafla, kimya kimya, na siku ya tisa nikaanza kumwona kila mteja ni mzuri kupita kiasi, nikataka kuwashonea wote bure. Nikaogopa, nikarudi kwenye kichupa.

“Umejuaje?”

“Huwa nahesabu. Tangu darasa la tatu.”

Alisema hivyo ncha ya uzi ikiwa mdomoni, kama anayesema huwa anahesabu chenji. Kisha akauliza, “Ulimwambia kwamba sindano nakutungia mimi?”

Sikumwambia. Nilisema mikono inatetemeka, neno ambalo hata mtu aliyekunywa vikombe vitatu vya kahawa anaweza kulisema. Kwamba fundi wa miaka 20 na zaidi anatungiwa uzi na mtoto, hilo lilinikwama kooni. Kioo hakikuniuliza, sikulifanyia mazoezi.

Bado sijamkubalia yule kijana, msije mkasema nimeangushwa. Lile neno lake halikuwa jibu. Ila nimegundua nilikwenda na ombi moja tu, kuacha, na yeye akawa na moja tu, kutoacha, tukafungiana mlango. Mzee aliwahi kuniambia kwamba mtetemo ukizidi kuna njia katikati: kupunguza kidogo na kupima damu upya, kuna na vidonge vya kutuliza mikono. Nimepiga simu, nimepata nafasi Jumatano. Naenda na sponji langu na sindano zake 20, niliweke juu ya meza pale anapoandikia. Na nitaomba karatasi nichore konokono, atake asitake.

Leo baada ya chakula nimemeza viwili kama kawaida. Mlango wa chumba cha kitindamimba ulikuwa wazi kidogo. Nilikitikisa kichupa makusudi, mara mbili, ili asikie.

Kinachoninyima usingizi sasa hivi ni mbuzi. Mdogo wangu kamleta jana kwa ajili ya akika ya Jumanne, tumemfunga chini ya mwembe, na tangu afike hajagusa kitu. Majani hataki, maganda ya ndizi hataki, anatutazama tu. Baba watoto anasema ni mgeni, atazoea. Atazoea lini, na Jumanne ndiyo siku yake? Nimetoka na tochi mara mbili. Majani yako vilevile.