Kupiga hema kando ya ziwa

Mkipiga kambi ziwani, msivutwe na mandhari mkaweka hema ukingoni kabisa mwa maji. Rudini nyuma kama mita 60, tena mahali palipoinuka kidogo. Kibonde huonekana kitulivu mchana, lakini usiku hewa baridi huteremkia humo, na mvua ikija maji yote yanaishia chini ya magodoro.

Unyevu ndio unaowashinda wengi. Wanaamka nguo zimelowa, wanasema hema linavuja. Mara nyingi halivuji! Ni mvuke wa pumzi zao wenyewe, umegusa kitambaa baridi ukageuka matone. Acheni matundu ya juu wazi hata kukiwa na baridi, na turubai la nje livutwe likaze, lisiguse kitambaa cha ndani.

Kwenye mchanga vigingi vifupi hung'oka upepo wa ziwa ukianza. Jazeni mfuko mchanga, ufungeni kamba katikati, uzikeni kina cha sentimita 30 hivi, kisha kazeni kamba. Turubai la chini nalo likunjwe lisichomoze nje ya hema. Likichomoza, hukusanya maji ya mvua na kuyapitisha chini yenu.

Maji ya kunywa yachemke kwa nguvu dakika 1 nzima. Mahali palipo juu ya mita 2,000, dakika 3. Vyombo vioshwe mbali na ziwa, hata kwa sabuni inayosifiwa kuwa haidhuru mazingira.

Moto: mwaga maji, koroga majivu, mwaga tena, kisha sogeza mgongo wa kiganja. Ukihisi joto, haujazimika.