Mbegu za Mgagani Zilizonifundisha Subira

Bustani yangu ipo nyuma ya nyumba hapa Morogoro, kipande cha ardhi kisichozidi hatua 10 kwa 6, na kwa miaka mingi niliipalilia hadi lisibaki jani ambalo sikulipanda mwenyewe. Nilipoanza kulima biringanya ndipo nilipogundua kasoro, kwani maua yalichanua vizuri kisha mengi yakapukutika bila kufunga matunda. Najua kwamba joto kali na ukosefu wa maji huleta hali hiyo, lakini nilikuwa nikimwagilia kila jioni, na nilipokaa asubuhi nzima kando ya tuta sikusikia mlio wa nyuki hata mmoja.

Ua la biringanya huficha chavua ndani ya vifuko vya manjano vinavyofunguka kwa vitundu vidogo nchani tu, kwa hiyo nyuki hulazimika kulikumbatia na kujitetemesha mpaka chavua imwagike kama unga unaochekechwa. Nyuki wa asali hawana ufundi huo. Wenye nao ni nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao, pamoja na nyuki wengine wanaoishi mmoja mmoja ardhini au ndani ya vijiti. Tatizo ni kwamba ua hilo halina mbochi, yaani maji matamu ambayo nyuki hunyonya, na nyuki asiyepata mbochi mahali pengine karibu hana sababu ya kukaa kwangu.

Kwa hiyo niliamua kuotesha mimea ya porini. Kishona nguo sikuhitaji hata kukipanda, maana ilitosha kuacha kuking'oa kando ya uzio. Marejea ni rahisi pia: mbegu zake hulowekwa usiku kucha, hufukiwa sentimita 2 hivi mvua za vuli zinapoanza, na ndani ya wiki miche huwa imejitokeza. Mbegu za kivumbasi ni ndogo mno, nazo hazipendi kufukiwa. Huwa nazichanganya na mchanga mkavu ili zisirundikane, nazinyunyiza juu ya kitalu, kisha nazikandamiza kidogo kwa kiganja.

Mgagani ndio ulionitesa. Mwezi wa 5 nilivuna mbegu kutoka kwenye maganda yaliyokwisha kugeuka manjano, nikazisia wiki ileile juu ya udongo kama nilivyofanya kwa kivumbasi, nikangoja mwezi mzima bila kuona hata mche mmoja. Nilidhani mbegu ni mbovu, kumbe zilikuwa zimelala, kwa sababu mbegu mbichi za mgagani huhitaji kukaa miezi kadhaa kabla ya kuwa tayari kuota, na tena mwanga huzizuia. Nilizosaza nilizisia mwezi wa 11, nikazifunika kwa udongo laini na nyasi kavu, na safari hii kitalu kilijaa. Tangu hapo nachuma majani ya mboga kwenye miche mingi, lakini minne au mitano naiacha ichanue.

Maua ya marejea ndiyo ninayoyaangalia zaidi. Petali zake za chini zimefungamana kama mtumbwi, na nyuki mdogo akitua hapo hakuna kinachotokea, lakini anapotua yule mkubwa mweusi ua lote huinama kwa uzito wake, ncha ya mtumbwi hufunguka, na chavua husukumwa nje ikamgusa tumboni. Akimaliza hapo, mara nyingi huenda moja kwa moja kwenye biringanya zilizo hatua chache tu. Kwa ajili yake sipulizi dawa tena maua yanapokuwa wazi, na nguzo kuukuu ya banda, yenye matundu ya viota vyake, nimekataa kuibadilisha ingawa fundi ameniuliza mara mbili.

Mbegu za mgagani za mwaka huu nimekwisha kuzivuna. Zimo ndani ya bahasha ya karatasi yenye tarehe, na sitazigusa kabla ya vuli.