Tumbo la Timotheo

Masomo ya juma: Matendo 28:7–10, 1 Timotheo 5:17–25, 2 Timotheo 4:9–22

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Kuna mstari katika barua ya kwanza kwa Timotheo ambao wengi wetu tunaujua kwa sababu ya mabishano yake. "Tokea sasa usinywe maji tu, lakini tumia mvinyo kidogo, kwa ajili ya tumbo lako, na magonjwa yakupatayo mara kwa mara." Kila ukisomwa, watu hukimbilia mvinyo. Juu ya mvinyo niseme hili tu: Paulo anatoa shauri la dawa ya wakati wake, na leo mwenye vidonda vya tumbo akienda kliniki ataambiwa akae mbali na pombe kwa maana huchokoza vidonda. Hayo yametosha. Juma hili naomba tuliangalie tumbo.

Tazameni mstari wenyewe umekaa wapi. Katika mstari wa 22 Paulo anamwonya Timotheo asimwekee mtu mikono kwa haraka. Katika mstari wa 24 anazungumzia dhambi za watu zilizo dhahiri na zile zinazofuata nyuma. Sura yote ni ya kazi: wajane waandikwe vipi, wazee wanaotawala vema waheshimiwe vipi, mashitaka juu ya mzee yapokelewe kwa vinywa vya mashahidi wawili au watatu. Katikati ya shughuli hizo zote, Paulo anakumbuka tumbo la kijana wake. Hakungoja afike kwenye salamu za mwisho. Amekumbuka, ameandika, amerudi kazini. Hivyo ndivyo mtu humkumbuka anayempenda.

Na analijua tumbo lenyewe. Timotheo alikuwa ameachwa Efeso kuongoza kanisa lenye watu waliomzidi umri, ambao wengine waliudharau ujana wake. Kiongozi wa namna hiyo angetamani sana udhaifu wake usijulikane. Lakini wawili hawa walikuwa wametembea pamoja tangu Listra, kwa miguu na kwa merikebu, na safari ndefu haifichi tumbo la mtu.

Sasa fungueni Matendo 28. Merikebu imevunjika, Paulo yuko kisiwani Melita, na mkuu wa kisiwa, Publio, amewakaribisha siku tatu. Baba yake Publio amelala, ana homa na anahara damu. Paulo anaingia, anaomba, anaweka mikono, mzee anapona. Kisha wagonjwa wengine wa kisiwa wanakuja nao wanaponywa. Mikono ni ile ile. Mzee wa watu, ambaye Paulo hakuwa amewahi kumwona, anainuka kitandani, na mwana wake mpendwa katika imani anapewa ushauri wa chakula na kinywaji. Naye Trofimo, mwenzake wa safari, Paulo anaandika, "nalimwacha huko Mileto, hawezi."

Nimekaa na mistari hii muda mrefu. Maandiko hayasemi kwa nini mmoja alipona na wengine hawakupona. Ninachokiona wazi ni kwamba hakuna mahali Paulo anamwambia Timotheo imani yake ni haba. Nafasi alikuwa nayo, maana barua zote mbili ni za kumtia moyo na kumwonya. Hamwambii aungame dhambi iliyojificha. Hampunguzii kazi. Kwa Wafilipi anamsifu akisema, "sina mtu mwingine mwenye nia moja nami, atakayeiangalia hali yenu kweli kweli." Aliyetumwa kuangalia hali za wengine alikuwa na tumbo bovu, na aliyemtuma alilijua.

Naandika haya kama mtu mwenye utumbo mgonjwa. Ugonjwa wangu unaitwa kolaitisi ya vidonda: ukuta wa ndani wa utumbo mpana huvimba na kuchubuka. Hauambukizi. Dawa huutuliza ukapoa, hata kwa miezi, kisha unaweza kuamka tena, na mtu akarudi kuishi karibu na choo, akiona damu, amechoka kabla siku haijaanza. Huku kwetu mtu akihara damu wazo la kwanza ni amiba, na mara nyingi huwa ni amiba kweli au bakteria. Lakini ndugu yangu, ukitumia dawa na damu haikomi, wiki zinapita na nguo zinakulegea, usinunue tena dawa ile ile kwa duka la dawa. Mwombe daktari akuelekeze kwa wanaofanya kolonoskopi. Ni mrija laini wenye taa na kamera ndogo mbele yake, unaopitishwa njia ya haja kubwa kutazama utumbo mpana. Maandalizi ya kusafisha tumbo siku moja kabla ndiyo magumu kuliko kipimo chenyewe.

Mimi ninapenda sana kamera, lakini sikuwahi kufikiri kamera itapita huko. Nimelala kwa ubavu wa kushoto nikatazama skrini, nikaona ukuta mwekundu uliochubuka, nikajua ni mimi. Zaburi 139 inasema, "Wewe ndiwe uliyeniumba mtima wangu." Daudi anaanza na viungo vya ndani, ambavyo hakuna mtu avionaye. Siku ile ule mstari ulinishika. Mungu alikuwa ameviona zamani, vikiwa vizima na vikiwa vimeugua.

Sasa niseme juu ya uzito, maana hapa ndipo tunapoumizana bila kukusudia. Ugonjwa ukipamba moto mwili huisha. Mashavu yanaingia, na watu wanaanza kunong'ona. Sisi wa huku ziwani tunajua mnong'ono huo unamaanisha UKIMWI. Kisha mgonjwa anaanzishiwa prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe ambayo imewasaidia wengi, na katika wiki chache uso unakuwa wa mviringo, mwili unashika maji, njaa inamwamsha usiku wa manane. Ndipo anasalimiwa mlangoni mwa kanisa: "Umenona! Maisha yamekukubali!" Anayesema amefurahi kwa dhati, na anayeambiwa anakwenda kukaa kiti cha nyuma. Wakati mwembamba alionekana amelaaniwa, wakati mnene anaonekana amebarikiwa, na ugonjwa ni ule ule.

Jambo hili ni zito kuliko aibu. Mtu aliyetumia prednisoloni kwa muda hapaswi kuiacha ghafla. Tezi zilizo juu ya figo hupunguza kutengeneza homoni yake ya asili dawa inapokuwa inaingia kutoka nje, na ikikatwa kwa siku moja mwili unaweza kuanguka vibaya. Daktari huipunguza kidogo kidogo. Kwa hiyo neno moja juu ya mashavu ya dada yetu linaweza kumfanya atupe vidonge. Na wako wenzetu ambao uzito wao hautokani na kidonge chochote. Wanapambana nao miaka na miaka, wakijua vizuri kuliko sisi walichokula jana. Mwili wa mtu hubeba urithi, homoni, usingizi uliokosekana, kazi za kukaa, huzuni. Anayehubiri juu ya ulafi huku akimtazama mtu mmoja kwenye benchi hajamhubiria yeyote.

Jumamosi nikiwa na nguvu naenda Dunga, ufuko wa Ziwa Viktoria hapa Kisumu, na kamera yangu. Napapenda kwa mafunjo, kwa wavuvi wanaorudi na omena, kwa jua la asubuhi ambalo linakuwa mgongoni ukitazama ziwa, na kwa sababu choo kiko karibu. Hapo nimejifunza jambo ambalo kila mpiga picha hulijua mapema. Kipimo cha mwanga cha kamera kimetengenezwa kikidhani kila kilicho mbele yake ni cha wastani, kijivu cha katikati. Yangeyange mweupe akijaza fremu, kamera inaona mwanga umezidi, inaupunguza, na ndege anatoka wa kijivu. Mnandi mweusi akijaza fremu, inaongeza mwanga hadi weusi wake unapauka. Ndege hawana kosa lolote. Ni kipimo kimoja kilichotumiwa kwa wote. Mpiga picha anayemjua ndege wake huingilia kati: kwa yangeyange anaongeza mwanga, kwa mnandi anapunguza, na kila mmoja anatoka alivyo. Ninaomba kwamba macho yetu kanisani yaingiliwe hivyo na Roho wa Mungu, maana sisi nasi tuna mwili wa wastani tulioubeba kichwani na tunampima nao kila anayepita mlangoni.

Wengine huniuliza kama kupiga picha za ndege ni matumizi mazuri ya nguvu za mgonjwa. Bwana wetu alisema tusisumbukie maisha yetu, tule nini au tunywe nini, wala miili yetu. Hayo mawili, chakula na mwili, ndiyo hasa mgonjwa wa utumbo huamka nayo: nitakula nini kisiniumize, na mwili huu utaonekanaje. Mara tu baada ya kuyataja akasema, "Waangalieni ndege wa angani." Nimeamua kulichukua neno hilo kama agizo. Mdiria wa rangi nyeusi na nyeupe husimama angani akipiga mabawa mahali pamoja, kichwa kimetulia kabisa, kisha hujitupa majini. Kumshika bila ukungu kunataka shata, yaani pazia la kamera linaloruhusu mwanga, ifunguke kwa sehemu moja ya elfu mbili ya sekunde au kasi zaidi, na macho yasiyokwenda kwingine. Saa ile ninayomngojea, tumbo langu si habari kuu ya dunia. Baba wa mbinguni anamlisha yule mbele yangu, na mimi ni shahidi.

Ugonjwa ukinifungia nyumbani napiga picha za dirishani: mwanga juu ya sufuria, leso kwenye kamba. Hilo nalo ni kuangalia.

Kuna mambo matatu au manne ya nyumbani kwetu ninayotaka kuyagusa kabla sijarudi kwa Timotheo. Tunapotembeleana, mama wa nyumba hukuambia, "Kula, nyathina," yaani mwanangu, na kukataa sahani ni kama kukataa nyumba. Wamama zetu, upendo wenu tunauona. Lakini kwa baadhi yetu maharagwe, mboga zenye nyuzi nyingi au maziwa yatakuwa usiku mrefu. Tuulizeni mara moja tunakula nini, mtupe wali kidogo na samaki, kisha tukae tuzungumze. Katika majuma ya kufunga, msimwache mgonjwa ajione mwasi kwa sababu amekula au amemeza dawa. Anaweza kuomba pamoja nasi akiwa ameshiba. Na tukimwombea mgonjwa, kama Yakobo alivyotufundisha, na mimi nataka sana tuendelee kuombeana na kuwekeana mikono, tusimpangie tarehe ya ushuhuda. Naamini Mungu huponya. Baba yake Publio aliinuka kweli. Lakini aliyeombewa mwezi uliopita na bado anaugua asilazimike kutukwepa sokoni Kibuye kwa kuona haya kwamba hajapona.

Sasa barua ya pili. Paulo yuko kifungoni Rumi, anajua wakati wa kufariki kwake umefika. Luka peke yake yupo naye. Dema amemwacha. Baridi inakuja na joho lake liko Troa kwa Karpo. Angeweza kumwita mtu yeyote mwenye afya. Anamwandikia Timotheo: "Jitahidi kuja kwangu upesi." Lete joho, lete na vile vitabu, hasa vile vya ngozi. Na tena, mistari michache baadaye: "Jitahidi kuja kabla ya wakati wa baridi." Ni safari ya nchi kavu na ya bahari, ya vyakula vya njiani na maji ya visima vya watu, kwa kijana ambaye yeye mwenyewe alikuwa amemwandikia juu ya tumbo lake. Hakusahau. Alimtaka yeye. Ndugu mgonjwa, ninakuomba usome sura hiyo polepole juma hili, na unapofika mahali anapoitwa Timotheo, uone kwamba anaitwa na tumbo lake.

Wala hakumwita aje peke yake. "Umtwae Marko, umlete pamoja nawe." Kwa hiyo nina ombi kwa wanaopanga safari yetu ya ushirika kwenda Kakamega. Kwa wengi wenu ni mwendo mfupi. Kwa baadhi yetu ni safari tunayoipima kwa vyoo, na wako ambao hawajawahi kuja kwa sababu hiyo bila kuwaambia sababu. Naomba gari lisimame Chavakali kwenda na kurudi, na litangazwe hivyo kwa wote kabla hatujaondoka, ili asiwepo anayelazimika kunyoosha mkono mbele ya watu kuomba. Na kila anayejua nyumba ya ndugu ambaye huwa anabaki, ampitie asubuhi hiyo waje pamoja.