Msiba wa Kukodi

Mwenye Canter alitaka laki sita kutushusha na vifaa vya filamu yetu kutoka Lushoto hadi Pangani, mafuta juu yetu. Nikabishana mpaka sauti ikakauka, nikalipa. Gari lenyewe halikutosha: jenereta ilikula nusu ya bodi, masanduku ya kamera na nyaya yakala iliyobaki, na stendi za taa zikakosa pa kulala. Ndipo nikaliona jeneza tulilochezea msiba kule Irente, la msonobari, limepakwa vanishi, msalaba juu ya kifuniko. Nikazifunga stendi kwa mashuka zisigongane, nikazilaza humo, jeneza likapandishwa juu kabisa na kukazwa kamba. Nilijiona mjanja.

Kona za kilomita 33 hadi Mombo nilizimaliza nimefumba macho. Huko chini ndiko nilikoanza kushangaa. Bodaboda walipunguza mwendo. Mzee mmoja alisimamisha baiskeli, akavua kofia. Korogwe, vijana waliokuwa wakicheza bao wakanyanyuka wote. Dereva akanong'ona, "Bosi, hawa wanatupa pole."

Nilitaka tulifunike, lakini turubai lilikuwa moja, liko kwenye jenereta, na mawingu ya Usambara yalikuwa yametufuata. Muongozaji na waigizaji walishapita zamani, wamekaa kwenye kiyoyozi cha Coaster.

Kabla ya Segera tukasimamishwa.

"Poleni. Kibali cha kusafirisha mwili?"

Nikatoa kibali cha Bodi ya Filamu. Askari akakisoma chote, mbele na nyuma.

"Marehemu ni nani yenu?"

"Hakuna marehemu, afande. Ni filamu."

"Filamu ndiyo imekufa? Shusha. Fungua."

Tukashusha. Nilipoinua kifuniko nikaona nilichokuwa nimekifanya: mashuka meupe, marefu, yamefungwa kwa kamba sehemu tatu, na upande mmoja umechomoza kama magoti. Askari alirudi hatua mbili. Kisha akasogea, akagonga kwa kalamu. Ngo, ngo. "Mmezivisha sanda!" Akamwita mwenzake, mwenzake akamwita muuza mahindi, na kwa nusu saa tulikuwa sinema ya bure kando ya barabara.

Ningekuwa nimeishia kucheka, ila Muheza tulisimama kununua machungwa. Mama muuzaji, baibui lake limepauka mabegani, hakuangalia machungwa yake. Aliangalia juu ya gari.

"Poleni wanangu. Mnampeleka wapi?"

Kabla sijafungua mdomo dereva akajibu, "Pangani, mama. Tumeshapoa." Mama akafungua pindo la kanga, akatoa noti ya elfu mbili iliyokunjwa mpaka ikawa kama kidonge, akanifumbatisha mkononi. Machungwa akakataa tuyalipie. Ningemwambia nini pale? Kwamba ni vyuma? Gari likaondoka nikiwa nimefumba kiganja.

Baba tulimpeleka Rungwe kutoka Dar mwaka juzi. Nilikaa kiti cha mbele, na tangu Chalinze hadi Mbeya niligombana na simu: nani ananunua mchele, turubai la nani, mbona mjomba hajatuma mchango wake. Waliosimama barabarani kwa ajili yake sikumwona hata mmoja. Lazima walikuwepo.

Pangani siku tatu ziliyeyuka: Boma, pantoni ya kwenda Bweni tukisubiri maji yajae, gesti ya elfu thelathini yenye feni inayozunguka umeme ukipenda, pweza kwa bei ya wageni. Tulirudi kwa njia ya Tanga. Jeneza nililiacha kwa fundi seremala, akasema mbao zake zitatosha kabati.

Sasa nafunga hesabu za safari. Upande wa matumizi umejaa kurasa nne. Upande wa mapato una mstari mmoja: Muheza, rambirambi, 2,000. Mtayarishaji amepiga simu mara mbili kuuliza ni ya nini.